Swichi ya Mtandao: Jinsi ya Kuitunza Isizime Katika Pwani Yetu

Zahanati ikikosa mtandao, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kampuni ya intaneti. Simu yapigwa, sauti zapanda, na mwishowe yabainika kuwa intaneti imefika mlangoni salama salimini. Kilichokufa ni kijisanduku kilichotundikwa kwenye ukuta wa stoo, chenye vitaa vya kijani, ambacho hakuna aliyekumbuka kukifuta vumbi tangu siku kilipofungwa. Kijisanduku hicho ndicho swichi ya mtandao.

Siku hizi kuzima kwake si jambo dogo. Tangu SHA iliposhika mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, mgonjwa huhakikiwa kwa njia ya mtandao. Mwananchi ataka hati zake kupitia eCitizen, hoteli ya Diani yapokea wageni kwa kompyuta, na pale Kilindini kontena haitoki mpaka karatasi zake zipite kwenye mfumo. Yote haya, kabla ya kuifikia faiba iliyolala chini ya bahari, hupita kwenye swichi.

Makala haya yaeleza swichi ni nini, huuliwa na nini, na vipi ofisi, shule, zahanati au hoteli yaweza kujipanga isikatikiwe. Jambo la msingi ni hili: mtandao usiokatika haununuliwi dukani kwa bei kubwa. Mtandao usiokatika hupangwa.

Swichi ni nini

Tusiichanganye na swichi ya taa. Swichi ya mtandao ni kifaa chenye matundu, aghalabu 8, 24 au 48, na kila tundu hupokea waya wa kompyuta, simu ya mezani, kamera au kifaa cha waifai. Kazi yake yafanana na ya karani wa posta. Hupokea furushi la data, husoma anwani ya kifaa kinachotakiwa, kisha hulipeleka kwenye tundu la kifaa hicho peke yake. Ruta ndiyo itoayo data nje ya jengo kwenda ulimwenguni. Swichi ndiyo iisambazayo ndani.

Teknolojia inayotumika, Ethaneti, ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na wenzake. Zamani zile kompyuta zote ziliungwa kwenye waya mmoja, na mbili zikisema kwa pamoja maneno yaligongana. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ilileta sokoni swichi ya kwanza ya Ethaneti, yenye matundu 7. Cisco iliinunua Kalpana mwaka 1994, na tangu hapo swichi zikaenea kila pembe ya dunia.

Faida yake ilikuwa kubwa, lakini ilikuja na udhaifu wake. Kila kitu sasa hupita mahali pamoja. Waya wa kompyuta moja ukikatika, mtu mmoja amekatikiwa. Swichi ikifa, ghorofa nzima imekatikiwa. Na katika majengo makubwa, ambamo swichi za kila ghorofa huungwa kwenye swichi kuu moja, kufa kwa hiyo swichi kuu ni kufa kwa jengo zima.

Hesabu ya kukatika

Mafundi hupima uhakika wa mtandao kwa asilimia ya muda ambao wafanya kazi. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 99 yasikika kuwa nzuri, kumbe maana yake ni kukatikiwa takriban saa 88 kwa mwaka, zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 46. Asilimia 99.99 ni kama dakika 53. Asilimia 99.999, ambayo ndiyo ndoto ya mabenki na makampuni ya simu, ni dakika 5 na ushei kwa mwaka mzima.

Hesabu hiyo hutokana na mambo mawili: kifaa hukaa muda gani kabla ya kuharibika, na kikiharibika huduma huchukua muda gani kurudi. Watu wengi huliangalia la kwanza tu. Tuchukue swichi inayoharibika mara moja katika miaka 5, yaani saa 43,800. Ikiwa ipo nyingine kabatini na fundi aweza kuibadilisha kwa saa moja, uhakika wake ni asilimia 99.998. Ikiwa lazima iagizwe Nairobi, ingojewe malipo yaidhinishwe, na ifike baada ya siku 14, uhakika washuka hadi asilimia 99.24. Swichi ni ile ile na ubovu ni ule ule. Kilichotofautiana ni matayarisho.

Karatasi za watengenezaji nazo zataka kusomwa kwa makini. Huenda ikaandikwa kuwa wastani wa muda kati ya hitilafu moja na nyingine ni saa 200,000, ambazo ni karibu miaka 23. Msomaji asidhani kuwa swichi yake itaishi miaka 23. Hiyo ni hesabu ya kundi: mwenye swichi 500 za aina hiyo atarajie moja iharibike kila baada ya siku 17 hivi. Tena hesabu hiyo ni ya kifaa ambacho hakijachakaa, kilichokaa kwenye joto la kadiri. Haikufanywa kwa ajili ya chumba cha mabati mwezi wa Februari.

Maadui wa swichi pwani

Adui wa kwanza ni umeme. Stima yetu ni ya volti 240, lakini ikikatika na kurudi huja kwa kishindo, ikipanda na kushuka. Kipande kinachoumia kwanza ni kigeuzi umeme kilicho ndani ya swichi. Wakati wa masika huongezeka radi, nayo haihitaji kuipiga nyumba yako. Yatosha ipige karibu, na waya mrefu wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine uchukue mshtuko hadi ndani ya swichi. Ndiyo maana mafundi wazuri huunga jengo na jengo kwa faiba. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Tena waya wa shaba wa Ethaneti kipimo chake ni mita 100, na faiba huenda kilomita.

Adui wa pili ni joto. Swichi nyingi za ofisini zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 40 au 45 za Selsiasi. Ndani ya kabati lililofungwa, chini ya paa la bati, kiwango hicho hufikiwa bila shida. Ndani ya swichi mna vipande viitwavyo kapasita, vyenye majimaji ambayo hukauka polepole. Kanuni ya mafundi yasema kila joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Feni nayo, kwa kuwa yazunguka usiku na mchana, huchoka mapema kuliko sehemu nyingine. Na ikisimama, joto humaliza kazi.

Adui wa tatu twamjua sisi kuliko watu wa bara: chumvi. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba chembe za chumvi zinazotua kila mahali. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka unyevu unapofika takriban asilimia 75, na usiku wa pwani hupita hapo mara kwa mara. Chembe iliyokuwa kavu hugeuka kuwa tone la maji ya chumvi, nalo hupitisha umeme pasipotakiwa na hula shaba mpaka ikaota kutu ya kijani. Swichi yenye feni huvuta hewa hiyo ndani yenyewe, saa zote. Kwa sababu hiyo mahali pa wazi, kama gatini, ufukweni au kwenye nguzo ya kamera, haifai swichi ya ofisini hata kidogo. Hapo pataka swichi ya kiwandani isiyo na feni, ambayo nyingi huvumilia hadi nyuzi 70 au 75, ndani ya sanduku lisilopitisha maji wala vumbi.

Ndani ya jengo, tahadhari ni nyepesi. Matundu yasiyotumika yazibwe kwa vifuniko vyake. Kabati liwe na kichujio cha vumbi, nacho kisafishwe. Kiyoyozi kisielekezwe wala kudondosha maji juu ya vifaa, na kisiwe cha kuzimwa usiku na kuwashwa asubuhi. Kifaa kilichopoa kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa friji, na jasho hilo ndilo linaloiamsha chumvi.

Kisha kuna wageni wasioalikwa. Mjusi hupenda ujoto wa swichi na huingia kupitia tundu lililo wazi, sisimizi hujenga, panya hutafuna nyaya. Sanduku lililozibwa vizuri humtosha kila mmoja wao.

Mkono wa binadamu na kitanzi

Adui wa mwisho ni sisi wenyewe. Mtu achomoa waya wa swichi ili achaji simu. Mwingine afagia na kuvuta waya. Hatari zaidi ni yule anayeona ncha ya waya imelala sakafuni akaichomeka kwenye tundu lililo wazi, na kumbe ncha ya pili ya waya huo tayari imo ndani ya swichi ile ile. Hapo amefanya kitanzi.

Furushi la Ethaneti halina kipimo cha umri. Likiingia kwenye kitanzi huzunguka bila kikomo, na yale yanayotumwa kwa vifaa vyote hunakiliwa kila yanapozunguka. Kwa muda mfupi mno mtandao wote hujaa, vitaa vyote humetameta kwa pamoja, na hakuna anayepata kitu. Swichi haina ubovu wowote, lakini huduma imekufa.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya DEC ya Marekani. Itifaki yake, ijulikanayo kwa herufi STP, huzifanya swichi zizungumze, zichague njia moja ya kupita, na zifunge njia za ziada mpaka zitakapohitajika. Ile ya kwanza ilichukua kati ya sekunde 30 na 50 kufungua njia ya akiba. Toleo la haraka, RSTP, lililoidhinishwa mwaka 2001, kwa kawaida humaliza kwa sekunde chache au chini ya hapo. Swichi za bei ya chini kabisa, zisizoweza kupangwa, nyingi hazina kinga hii. Hiyo ndiyo tofauti moja ya bei ambayo ofisi yenye zaidi ya swichi moja haifai kuikwepa.

Hata dawa ina kipimo chake. Novemba 13, 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ulizidiwa. Ulikuwa umekua kwa kuongezewa swichi moja baada ya nyingine kwa miaka, mpaka mnyororo wake ukapita kiwango ambacho STP iliweza kukihimili. Ulipokuja mzigo mkubwa wa data ya utafiti, mtandao ulianguka. Kwa takriban siku nne madaktari walirudi kwenye karatasi, na majibu ya maabara yakabebwa kwa miguu. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, hakulificha jambo hilo. Aliwasimulia wenzake kwa uwazi ili wajifunze. Fundisho lililobaki ni kuwa mtandao unaokua kwa viraka hauna budi kuchorwa upya kabla haujajichora wenyewe kwa msiba.

Njia ya pili

Ngalawa ina mirengu miwili, mmoja kila upande, na hakuna nahodha anayeuliza kwa nini usitoshe mmoja. Mtandao muhimu nao wataka viwili viwili.

Kinachoanza ni umeme. Swichi kubwa huja na vigeuzi umeme viwili, na kimoja chaweza kuchomolewa na kubadilishwa bila kuizima. Faida hiyo hupotea pale vyote viwili vinapochomekwa kwenye ekstensheni moja. Kimoja kiende kwenye UPS hii, cha pili kwenye UPS nyingine au chanzo kingine.

Kisha ni nyaya. Kati ya swichi ya ghorofa na swichi kuu pawe na waya mbili. Waya hizo zaweza kufungwa pamoja kwa itifaki ya LACP zikafanya kazi kama moja pana; moja ikikatika, nyingine yaendelea kubeba mzigo.

Mwisho ni swichi kuu zenyewe. Zikiwa mbili, kila swichi ya ghorofa yaungwa kwa zote mbili. Tuseme kila moja ina uhakika wa asilimia 99 peke yake. Nafasi ya zote mbili kufa wakati mmoja ni sehemu moja ya mia katika sehemu moja ya mia, hivyo uhakika wapanda hadi asilimia 99.99. Kwa vifaa viwili vya kawaida, siku tatu na nusu za kukatikiwa zimekuwa chini ya saa moja kwa mwaka.

Cha pili kisiwe kivuli cha cha kwanza

Hesabu hiyo ina sharti: kifo cha kimoja kisilete kifo cha kingine. Hapa ndipo wengi hukosea.

Mwezi Februari 2017 Cisco ilitangaza kuwa vifaa vyake kadhaa, zikiwemo baadhi ya swichi, vilikuwa na kipande cha saa ya kielektroniki chenye kasoro, na kwamba huenda vikaanza kuharibika baada ya kutumika kwa miezi 18 hivi. Vilikuwa havioneshi dalili yoyote, na kikifa hakiamki tena. Aliyenunua viwili vya namna hiyo siku moja na kuviwasha siku moja, saa za kifo zilikuwa zikihesabiwa kwa vyote pamoja. Hii si sababu ya kutonunua pacha, kwani vifaa vya aina moja ni rahisi kuvisimamia. Ni sababu ya kusoma matangazo ya mtengenezaji, na kutokuwa na kifaa cha akiba kilichozaliwa siku moja na vile vinavyofanya kazi.

Njia nazo ni vivyo hivyo. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikauonja uzito wake. Zilikuwa nyaya mbili za kampuni mbili, zilizopita bahari moja. Kenya haikuzimika kabisa kwa kuwa Mombasa ina njia nyingine, ukiwemo mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu. Chukua funzo hilo ulilete ndani ya jengo lako: waya mbili zilizopitishwa kwenye mfereji mmoja hukatwa na jembe moja. Moja ipite ngazi ya mbele, nyingine ipite nyuma.

Kwa asiyeweza kununua mbili

Madrasa, duka la saiba au zahanati ya kijiji haina fedha za swichi kuu mbili, na hailazimiki. Turudi kwenye hesabu ya mwanzo: kama huwezi kurefusha maisha ya kifaa, fupisha muda wa kukirudisha. Hili halitaki fedha nyingi.

Nunua swichi moja ya akiba, hata ikiwa ndogo kuliko ile inayotumika, na uiweke ndani ya mfuko uliozibwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Hifadhi nakala ya mpangilio wa swichi mahali pawili, pamoja na nenosiri lake ndani ya bahasha kwa msimamizi. Swichi iliyokufa bila nakala huchukua siku nzima kupangwa upya, na yenye nakala huchukua dakika. Andika jina kwenye kila waya, ncha zote mbili, kwa wino usiofutika. Bandika mchoro ndani ya mlango wa kabati: tundu la kwanza laenda wapi, la pili laenda wapi. Fundi anayeitwa usiku hatakuwa yule aliyefunga.

Kisha UPS. Swichi ya matundu 24 isiyolisha umeme vifaa vingine hula takriban wati 20 hadi 30. Betri ndogo ya volti 12 na Ah 9, ukitoa kinachopotea, yaweza kuibeba kwa saa mbili hivi. Lakini swichi inayolisha kamera na simu kupitia waya za mtandao yaweza kufika wati 200, na betri ile ile haitazidi dakika 20. Piga hesabu kabla ya kununua. Na ukumbuke kuwa betri za risasi huchukia joto kama kapasita: juu ya nyuzi 25, kila nyuzi 10 hukata umri wake kwa nusu. Kwetu sisi, betri inayoandikiwa miaka mitano isitegemewe kuifikisha.

Kuona na kufikia

Mfumo wenye viwili una hila yake. Kimoja kikifa, hakuna anayejua, kwa kuwa kazi yaendelea. Miezi yapita, ofisi yaamini ina mirengu miwili ilhali inao mmoja, mpaka siku huo mmoja unapovunjika. Kwa hiyo kuwa na njia ya pili bila ya kuiangalia ni kujidanganya. Swichi inayopangika yaweza kutuma taarifa feni inaposimama, kigeuzi umeme kinapokufa, au waya unapokatika. Nazo programu za bure za ufuatiliaji ziko, kama Zabbix na LibreNMS. Taarifa hizo zifike kwenye simu ya mtu mwenye jina, zisiishie kwenye barua pepe ya ofisi isiyofunguliwa.

Tena pawe na njia ya kuifikia swichi hata mtandao ukiwa umekufa. Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa karibu saa sita baada ya amri yenye kosa kukata mtandao mkuu unaounganisha vituo vyao vya data. Nyenzo ambazo wahandisi wangezitumia kurekebisha zilitegemea mtandao ule ule uliokufa, ikabidi watu waende vituoni kwa miguu yao. Kwa ofisi ndogo, njia ya pembeni ni kitu chepesi: waya wa konsoli uliotundikwa kabatini, na kompyuta ndogo yenye programu yake.

Akiba isiyojaribiwa

Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta zilikuwepo, lakini moja ilikataa kuwaka na abiria wakakaa gizani. Jenereta haikukosekana. Kilichokosekana ni uhakika kuwa ingewaka. Jambo hilo ndilo linalozisumbua UPS, swichi na waya za akiba kila mahali: zipo kwenye karatasi, zina vumbi, hazijawahi kuitwa kazini.

Dawa ni kuziita kwa makusudi, siku na saa uliyoichagua wewe, watu wakiwa macho na fundi akiwa amesimama hapo. Chomoa waya mmoja uone kama mwingine wachukua kazi. Zima kigeuzi umeme kimoja. Kata stima uhesabu dakika za UPS. Kikishindwa mchana wa Jumamosi uliyoipanga, umepata ubovu kwa bei rahisi. Usipokijaribu, kitajijaribu chenyewe usiku wa mvua, na mgonjwa akiwa mlangoni.

Ratiba fupi

Kila wiki: tazama vitaa, sikiliza feni, gusa kabati uone kama lina joto lisilo la kawaida.

Kila mwezi: safisha kichujio cha vumbi, hakikisha nakala ya mpangilio ni ya karibuni, soma taarifa za hitilafu zilizorundikana.

Kila miezi mitatu: jaribu UPS na njia ya pili. Mahali palipo karibu na bahari, kagua ncha za waya kama zina kutu ya kijani, na ubadilishe zilizoathirika.

Kila mwaka, kabla ya masika: kagua waya wa ardhini na kinga za radi, pima betri, washa swichi ya akiba uone kama yafanya kazi, sasisha programu ya ndani ya swichi kwa kufuata matangazo ya mtengenezaji, moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja. Angalia pia kama mtengenezaji angali akiihudumia aina hiyo. Swichi isiyopata tena marekebisho ya usalama yaweza kuwa nzima kwa mwili, na mlango wake ukawa wazi kwa wezi.

Juu ya ratiba hiyo liandikwe jina la mtu mmoja. Katika taasisi nyingi swichi haina mwenyewe: mhasibu aliinunua, mkandarasi akaifunga, mlinzi ana ufunguo wa stoo, na siku ikizima kila mmoja amtazama mwenzake. Bodi ya zahanati, kamati ya shule au meneja wa hoteli anayesoma makala haya aweza kuanza kesho kwa maswali matatu yasiyogharimu hata shilingi: swichi yetu iko wapi, ikifa leo tutarudi baada ya muda gani, na nani mwenye dhamana yake?